Kiazi Kando ya Chumvi

Kocha alikisogeza kiazi kikubwa upande wa kushoto wa meza, akakitazama, akakirudisha katikati. Halafu akakichukua tena, akakipima mkononi kama mnunuzi asiyemwamini mwenye duka, akakiweka nje kabisa ya uwanja, kando ya kopo la chumvi. Akaondoa mkono upesi, utadhani kiazi kingemuuma.

Kando ya kopo la chumvi ndipo palipokuwa benchi. Kopo lenyewe lilikuwa kocha.

Makocha wengine wana kompyuta. Wengine wana ubao wenye sumaku na kalamu za rangi. Yeye alikuwa na kapu la mboga. Alianza hivyo zamani, alipokuwa akifundisha vijana wa mtaani na kujifunza kazi peke yake, akagundua kwamba hawezi kufikiri kwa herufi na mishale. Mchezaji akishakuwa herufi ubaoni hana uzito, humwoni akichoka, humwoni akinuna. Lakini kitunguu unakiona. Sasa alikuwa kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya kulipwa, ingawa wachezaji wenyewe walikuwa na maoni yao kuhusu neno hilo, na bado kila kikosi alichokipanga kilianzia jikoni kwake.

Jioni hii uwanja ulikuwa kitambaa cha plastiki cha meza, chenye maua yaliyofifia, na magoli yalikuwa visahani viwili vya chai. Vitunguu saumu viwili walikuwa walinzi wake, wafupi, wakali, wasioachana. Karoti alikuwa mrushaji wa pointi tatu: mrefu, mwembamba, ukimkunja kidogo anavunjika. Nyanya alikuwa yule winga ambaye akiguswa tu huanguka, akalala chini mpaka mwamuzi aje kumtazama. Pilipili alikuwa kijana mpya waliyemwita Kiberiti. Na kiazi kikubwa, kile chenye makovu, alikuwa Nguzo, nahodha, mchezaji wa kati wa timu tangu timu iundwe, na, kwa bahati mbaya ya kocha, kaka wa mke wake.

Upande wa pili walisimama vijiko vinne na chupa ya mafuta ya kupikia. Vijiko havikumnyima kocha usingizi. Chupa ya mafuta ndiye aliyekuwa Kreni.

Kreni alikuwa mtu ambaye akinyoosha mikono hana haja ya kuruka. Mara ya mwisho walipokutana, alimfunga Nguzo mpaka mashabiki wakaanza kuona haya kwa niaba yake. Zamani watu walimwita Nguzo kwa heshima, kwamba akisimama chini ya goli hapiti mtu. Siku ile wapinzani waliimba jina hilohilo wakiwa na maana kwamba hasogei. Robo ya kwanza ilipokwisha, mechi nayo ilikuwa imekwisha. Zilizobaki zilichezwa kwa adabu tu.

Kocha alikuwa amelifikiria jambo hili wiki nzima, taratibu, akilipindua huku na huku. Kiberiti aanze. Akimbizane na Kreni, amkere, amchoshe. Atafanya faulo, hilo halina ubishi, maana Kiberiti alikuwa mtu wa kuwaka haraka na kuisha haraka, na faulo ya tano ni safari ya kwenda kuoga. Lakini kabla hajaisha, robo ya pili, aingie Nguzo, Kreni tayari anahemea mdomoni. Na dakika za mwisho, mpira unapokuwa mzito kama tofali mikononi mwa vijana, uwe mikononi mwa Nguzo, mikono isiyojua kutetemeka. Kila alipopanga hivyo, mboga zilikaa vizuri. Kila alipomrudisha Nguzo katika watano wa kwanza, chupa ya mafuta ilionekana kurefuka.

Kilichobaki ni kumwambia mwenyewe. Hapo ndipo kocha aliposimama kila siku, wiki nzima.

Na siku zilikuwa zimemwishia. Kesho ilikuwa mechi ya mwisho, na atakayefungwa anashuka daraja. Mwenyekiti wa klabu alikuwa mfanyabiashara wa magodoro. Aliwavisha wachezaji fulana zilizoandikwa LALA FOFOFO kifuani, kwa hiyo kila walikokwenda mashabiki wa wenyeji waliwaimbia nyimbo za kubembeleza watoto. Asubuhi hii alikuwa amemwita kocha, akamkalisha juu ya godoro la maonyesho, maana kwake kiti ofisini kilikuwa usaliti wa biashara, akamwambia kwa sauti ya upole:

"Kocha, mimi si mtu wa vitisho. Ila mkifungwa kesho, funguo za ukumbi usijisumbue kuzileta hapa. Mwachie mlinzi tu."

Ni vigumu kujibu kwa heshima ukiwa umezama kwenye godoro. Kocha alisema ahsante.

"Umemaliza? Nataka kukatakata."

Mkewe aliingia na kisu mkononi. Alikuwa muuguzi, ametoka zamu sasa hivi, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini. Ilikuwa desturi ya nyumba hii kwamba kila mkesha wa mechi ya nyumbani Nguzo na mama yake walikuja kula, na mboga zikishamaliza kazi ya uwanjani ziliingia sufuriani. Mkewe aliuita mlo huo "kula kikosi". Macho yake yakapita mezani kama yanavyopita wodini asubuhi, nani yupo na nani hayupo.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

Kocha akaelekeza kidevu kwenye chumvi.

Mkewe akaweka kisu chini. "Umemweka benchi."

"Nimemsogeza kidogo. Bado natafakari."

"Hapo ni benchi. Mimi si mgeni wa meza hii."

"Mke wangu, ni kiazi tu."

"Ni kiazi tu leo! Mwaka jana nilipokimenya hujamaliza kupanga, hukusema na mimi mpaka kesho yake. Ulisema nimemjeruhi nahodha."

Ndivyo kocha alivyosema, neno kwa neno.

"Umeshamwambia?"

"Bado."

"Wanakuja sasa hivi, yeye na mama. Utamwambia lini, akiwa anajila mwenyewe kwenye sahani?"

"Nilikuwa nawaza," kocha alisema, akikinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana, "labda wewe, kwa vile ni damu yako..."

"Mimi? Mimi nachoma watu sindano kutwa nzima. Nikirudi nyumbani napumzika."

"Atanidharau."

"Kwa nini akudharau?"

"Tayari ananidharau! Hujaona? Mwaka wa pili huu hajakaa kwenye kochi langu. Anakuja, anasimama mlangoni kama mtu wa kudai kodi, anakula amesimama, anaondoka amesimama. Nikimtoa uwanjani, haketi benchi na wenzake. Anasimama kule mwisho, mikono kifuani, ananitazama kisogo. Watu wanauliza kocha ni nani kati yetu."

Mkewe aligeuka. Akachukua sufuria, akaitia maji, akaiweka jikoni. "Muulize kwa nini anasimama," alisema akiwa amempa mgongo. "Muulize yeye. Mimi zamu yangu imekwisha."

Kocha alitaka kumdadisi, lakini mlango wa mbele ukagongwa na sauti ikatangulia kuingia kabla ya mwenyewe.

"Hodi! Mkwe wangu yupo, au wameshamfukuza?"

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Bado una kazi?"

"Mpaka kesho, mama."

"Basi leo nile nishibe."

Mama mkwe alipita moja kwa moja sebuleni, akawasha televisheni, akaongeza sauti. Mpira wa kikapu hakuupenda hata kidogo. Alisema viatu vinalia kama panya waliobanwa na mlango. Hata hivyo hakukosa mechi moja ya nyumbani. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, akangoja taa zizimwe na mtangazaji aite watano wa kwanza mmoja mmoja, nahodha wa mwisho. Jina la mwanawe likishavuma ukumbi mzima, na watu wakishapiga makofi na miguu, yeye huchukua mkoba wake akaenda nyumbani. Mpira ulikuwa haujarushwa hata juu. Kwake mchezo ulikuwa ni hapo. Kilichofuata ni watu wazima kunyang'anyana kitu kimoja wakati maduka yamejaa mipira.

Kocha alipolikumbuka hilo, alirudi jikoni haraka akiwa na nia ya kukirudisha kiazi uwanjani, kwa muda tu, mpaka watu washibe. Alichelewa. Nguzo alikuwa ameshasimama kwenye kizingiti, bega moja limeegemea mwimo wa mlango, kichwa kimeinama kidogo kwa sababu mlango ule haukujengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Alikuwa akiitazama meza. Naye hakuwa mgeni wa meza hii.

"Naona natiwa chumvi," alisema.

Mkewe kocha alianza kuosha sufuria nyingine ambayo ilikuwa safi.

"Shemeji," kocha alianza.

"Subiri. Unaongea kama shemeji au kama kocha? Nijue nikasirike vipi."

"Kama kocha."

"Haya, kocha. Sema."

Basi kocha akasema. Mwanzoni sauti yake ilitoka ndogo, lakini alipoanza kuzisogeza mboga ilirudi yenyewe. Akamwonyesha pilipili akiizunguka chupa ya mafuta. Akamwonyesha vitunguu saumu wakibana pembeni ili mpira usimfikie Kreni upesi. Akamwonyesha robo ya pili, na mwisho wa mechi, kiazi katikati, vingine vyote vimekizunguka. Nguzo alisikiliza bila kumkatiza, isipokuwa mara moja.

"Pilipili ni Kiberiti?"

"Ndiyo."

"Anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie. Atataka kuandikwa hivyo kwenye fulana." Akajikuna shingo. "Na nyanya ni yule... ah, bila shaka. Endelea."

Kocha alipomaliza, kutoka sebuleni televisheni ilikuwa ikitangaza sabuni.

"Mpango ni mzuri," Nguzo alisema hatimaye. "Sikatai. Yule Kreni nilipokutana naye nilijiona kama mlango wa duka, kila mtu anaingia na kutoka. Mpango wako una kosa moja tu."

"Lipi?"

"Kiazi hakina magoti."

Kocha hakuelewa. Akavuta kistuli cha jikoni, kile kifupi alichokalia mkewe akichambua mboga, akakisukuma mbele ya shemeji yake. "Kaa basi, tuzungumze vizuri."

"Nazungumza vizuri nikisimama."

Hapo woga wa wiki nzima ukageuka ukawa kitu kingine. "Unaona!" kocha alisema, na kidole kikamtoka chenyewe. "Hata kukaa na mimi hutaki! Kochi langu hulitaki, benchi langu hulitaki, kistuli hukitaki. Kama nakunukia vibaya, niambie!"

Nguzo alimtazama dada yake. Dada yake alitazama sufuria.

"Sawa," Nguzo alisema. "Ngoja nikae."

Kukaa kwenyewe kulikuwa safari. Kwanza mkono mmoja ulikwenda kwenye ukingo wa meza, kisha mwingine ukashika goti kana kwamba ungedondoka, kisha mwili ukaanza kushuka, ukasimama njiani, ukafikiri, ukashuka tena. Alipofika chini, kistuli kililia, na magoti yake yakawa karibu na masikio.

"Haya nimekaa. Tuzungumze. Watoto wa jirani hawajambo?"

"Hawajambo," kocha alisema, akishangaa.

"Na bei za vitu?"

"Shemeji, una nini?"

"Nangoja yapoe." Akangoja, akitazama dari, kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Maji yalipoanza kuchemka jikoni, akasema, "Haya. Sasa ni robo ya pili. Kreni anahema. Nguzo, ingia!"

"Ingia," kocha alisema.

Nguzo akainuka. Yaani alijaribu. Kitu ndani ya magoti yake kilitoa sauti kama mtu anayevunja kuni mbali. Akashika meza kwa mikono yote miwili, akasukuma, uso ukamkunjika, na meza ikainuka upande wake badala ya yeye kuinuka. Vitunguu saumu vikatoroka kwanza. Nyanya ikafuata, ikaanguka sakafuni na kulala hapo, kama ilivyotarajiwa. Karoti ikavunjika. Chupa ya mafuta ikayumba, ikateleza mpaka ukingoni, ikapinduka, na mkewe kocha akaidaka ikiwa hewani.

"Angalau kuna mtu amemwangusha Kreni," alisema.

Kocha alimshika shemeji yake chini ya kwapa, wakainuka pamoja, wote wawili wakihema kama waliocheza. Walipokuwa wima, hakuna aliyemwachia mwenzake mara moja.

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita. Yakiwa moto yanakwenda, si kama zamani, lakini yanakwenda. Nikikaa yanapoa, yakipoa yanaganda. Ndiyo maana sikai."

"Benchi?"

"Benchi letu liko chini kama la chekechea."

"Na kochi langu?"

"Kochi lako ni shimo, shemeji. Nikiingia mle itabidi muite majirani."

"Mimi nilidhani unanidharau."

"Nakudharau, lakini si kwa sababu ya kochi."

Mkewe kocha alicheka, kisha akainama kuokota kikosi sakafuni. Kocha alimgeukia. "Wewe ulijua."

"Namfunga bandeji kila Jumapili. Aliniomba nisiseme, na mimi siri za wagonjwa sizitoi, hata mgonjwa akiwa mjinga."

"Mbona hukuniambia mwenyewe?" kocha alimuuliza Nguzo.

"Ningemwambia nani? Nikimwambia kocha, kocha ananikalisha benchi."

"Ungemwambia shemeji."

"Shemeji anamwambia kocha kila kitu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kocha alikiokota kiazi, kikiwa kimepata kovu jipya, akakigeuza mkononi. Wiki nzima alikuwa ameogopa kiburi cha mtu, na kumbe mtu mwenyewe hakuwa na kiburi, alikuwa na magoti. Alijisikia mjinga. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwenda hatua kwa hatua hata akiwa mjinga, akauliza swali la pili.

"Yakikaa moto, je?"

"Yakikaa moto nitaingia saa yoyote utakayo. Lakini yatakaaje moto? Nikikimbia kwenye korido ya ukumbi watasema nahodha anatoroka."

"Wodini kwetu," mkewe alisema, akiwa ameanza kukata vitunguu bila kuomba ruhusa, "wenye magoti tunawapandisha baiskeli isiyokwenda. Wanakanyaga hapohapo. Wanatukana, lakini wanakanyaga."

Wanaume wakatazamana. Nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya nguo, palikuwa na baiskeli ya kocha, ile ya zamani ya kubebea mizigo, yenye stendi nzito ya chuma. Ukiisimamisha, tairi la nyuma linaning'inia juu ya ardhi. Ilikuwa haijaguswa tangu kocha alipopata kitambi.

"Nipe hicho kiazi mkitoka," mkewe alisema.

Kocha alisita kidogo, akampa.

Uani bado kulikuwa na mwanga. Waliondoa shuka zilizoanikwa, wakaivuta baiskeli mpaka karibu na mlango wa jikoni, wakaisimamisha. Tairi lilizunguka. Kiti kilikuwa imara. Cheni ilikuwa imetoka, imekauka kwa kutu na kujikunja kama kitu kilichokufa kwa uchungu. Kocha alipiga magoti, akaanza kuinyoosha kwa mafuta ya kupikia. Nguzo, asiyeweza kupiga magoti, alishika usukani na kutoa ushauri.

"Tutaiweka mdomoni mwa korido," kocha alisema. "Pale nikigeuka tu nakuona. Kiberiti akifanya faulo ya pili, unaongeza mwendo."

"Nitakuwa nimeanza kabla. Yule faulo yake ya pili inakuja kabla ya wimbo kwisha."

"Ukiwa tayari utanipungia mkono."

"Kuna kengele." Nguzo akaibonyeza. Ikalia vizuri kabisa, kwa furaha isiyo na sababu. "Nikiwa tayari nitapiga kengele."

"Watatucheka."

"Shemeji, tumevaa LALA FOFOFO msimu mzima. Aibu tulishaimaliza."

Kocha alicheka mpaka akajipaka mafuta kwenye paji la uso. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kazi kumfurahisha. Alikuwa ameinua kichwa aseme jambo lingine, alipomwona mama mkwe kwenye mlango wa jikoni, mkoba begani, anawatazama.

"Kengele ya nini? Mnauza maziwa?"

Nguzo alikohoa. "Kocha atakueleza, mama," alisema, na jicho lake likaenda kwenye shuka.

Kocha, kwa maneno mengine, alikuwa ameachwa peke yake amkabe Kreni. Akainuka. Hakuona vizuri kumwambia mama wa watu habari kama hiyo akiwa amepiga magoti, ingawa mikono haikuwa na pa kujificha, imejaa mafuta na kutu.

"Mama, kesho mwanao hataanza."

Mama alimtazama, kisha akamtazama mwanawe, kisha akamrudia yeye. "Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ataingia robo ya pili, na ndiye atakayemaliza. Namtaka mwishoni, mama. Mwanzoni naweza kumpata mtu. Mwishoni sina mwingine."

"Jina lake litatajwa?"

"Litatajwa akiingia."

"Taa zitazimwa?"

Kocha alitamani kusema ndiyo. "Hapana, mama. Taa ni za wale wa mwanzo."

"Na watu watakuwa wameshachoka kupiga makofi," mama alisema.

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali kocha angejua afanye nini. Aliangalia cheni mkononi, kana kwamba jibu lingekuwa mojawapo ya pingili zake. Nguzo alikuwa akifuta usukani kwa kidole gumba, mahali palepale, tena na tena.

"Hiyo robo ya pili yenyewe inaanza lini?" mama aliuliza baadaye.

"Kama nusu saa hivi baada ya kuanza."

"Nusu saa yote nikae na vile viatu vinavyolia?"

"Unaweza kuja baadaye, mama. Nitakutumia mtu akuite."

"Nije baadaye, kiti changu akalie nani? Nitakuja mapema kama siku zote." Akaurekebisha mkoba begani. "Akiingia, nikishasikia jina, nitaondoka."

"Usiondoke, mama," Nguzo alisema.

Mama akageuka. Kocha naye akageuka. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akiomba hivyo.

"Nikae nifanye nini?"

"Nitakuwa bado nacheza. Mpaka mwisho."

Mama aliitazama baiskeli, akayatazama magoti ya mwanawe, kwa namna ambayo kocha alihisi hata bandeji za Jumapili hazikuwa siri kubwa kama dada mtu alivyodhani.

"Tutaona," alisema. "Inategemea kelele." Kisha, akiwa ameshaanza kuingia ndani: "Huyo mrefu wa wenzenu ana mama?"

"Sijui, mama."

"Mjue. Kama anakaa karibu na mimi, nataka kujiandaa."

Walibaki uani. Kocha alipiga magoti tena, akaivuta cheni yote, akaiona pingili moja imekatika kabisa. Alijaribu kuiunga kwa waya, ikakatika. Akajaribu tena, Nguzo akaweka mguu juu ya kanyagio polepole, na cheni ikadondoka mchangani.

"Inataka pingili mpya," kocha alisema. "Duka la baiskeli limeshafungwa."

"Kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi." Akajifuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo angeulizwa baadaye. "Bado hatujamaliza na lingine. Ukiingia, anatoka nani? Atoke Kiberiti, au nimwache mcheze wawili, nimtoe nyanya?"

"Tukicheza wawili, nani atamkaba kijiko cha pembeni?"

"Hapo ndipo nilipokwama. Nilitaka kwenda kuangalia mezani."

Harufu ya mchuzi ilikuwa imeshatoka mlangoni. "Mezani pameshapikwa," Nguzo alisema.

"Nitanunua mboga nyingine nikienda kutafuta pingili."

"Nunua kiazi kidogo zaidi safari hii."

Kutoka ndani waliitwa, waje kula kabla mama hajamaliza nyama. Nguzo aliinama, akapita chini ya mlango, akaenda kusimama mahali pake kwenye kizingiti. Kocha aliifunga cheni kwenye gazeti kuukuu, akaingia nayo, akaiweka dirishani karibu na kopo la chumvi ili asiisahau.

"Hiyo usiiguse mpaka asubuhi," alimwambia mkewe.

Mkewe aliacha kupakua. Akalifunua gazeti kidogo kwa ncha ya mwiko, akachungulia.

"Na huyu ni nani?"

"Hiyo ni cheni," kocha alisema, akanawa mikono.